Kipande cha Njano Nyuma ya Nyumba

Dodoma, 14 Aprili 2024

Shangazi Ernestina,

Mwangaluka. Habari za Mwamapalala, habari za mguu wako, habari za Anyesi na hesabu zake, habari za ng'ombe wote wanane, kila mmoja kwa jina lake. Mimi mzima. Upepo wa huku umenikausha midomo, lakini chakula kipo na chumba kina dirisha, ingawa dirisha lenyewe linatazama ukuta.

Umeniamuru niandike kwa kalamu kwa sababu kwenye simu, kama ulivyosema, watu huulizana "uko wapi" mpaka salio linaisha. Nimetii. Barua hii nampa kondakta, ataiacha dukani kwa Felisita.

Nilipoondoka kwenda chuo kusomea upimaji wa ardhi uliwatangazia majirani kwamba nitarudi na mnyororo na mafimbo ya rangi nyekundu na nyeupe. Sasa nakiri: mpimaji wako hapimi. Nakaa kwenye kiti chenye magurudumu, na safari yangu ndefu kwa siku ni kutoka mezani kwenda kwenye birika la chai. Mwanzoni walinipa droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani inayopiga picha kutoka angani. Niliirusha mara moja tu, Lingeka kule Meatu. Mwewe akaiona, akadhani ni mwewe mwenzake asiye na adabu, akaipiga kikumbo. Ikaangukia kwenye pamba. Akina mama waliokuwa wanapalilia wakaizunguka, wakakataa kunirudishia mpaka nieleze ni nani aliyeniruhusu kuwapiga picha wakiwa wameinama. Nilieleza saa nzima. Tangu siku hiyo bosi wangu, Bi Wilhelmina, ameamua kuwa mikono yangu inafaa zaidi kushika kipanya cha kompyuta.

Kazi yenyewe ni hii. Picha za juu zinaunganishwa, kijiji kizima kinatokea kwenye kioo, nami nazungushia mstari kila shamba. Vijana wa madaftari walishapita nyumba kwa nyumba kuandika nani anamiliki wapi. Penye jina na mazao napaka kijani, penye nyumba nyekundu, na pasipo na jina napaka njano, maana yake ni ardhi ya kijiji, kijiji kitaamua ifanyiwe nini.

Niko kwenye miezi sita ya majaribio, inaisha mwisho wa Julai. Ramani hubandikwa kijijini siku thelathini. Zikipita bila mtu kuleta pingamizi la maandishi, mchoraji anaajiriwa. Pingamizi moja tu linatosha kunirudisha nyumbani nikalime choroko, na unajua choroko zangu zilivyokuwa.

Habari kubwa nimeiweka mwisho: kesho naanza kuchora kijiji chetu.

Mwanao,
Nyanda


Mwamapalala, 9 Mei 2024

Nyanda mwanangu,

Barua yako ilikaa dukani siku tisa kwa sababu Felisita aliifanya kifuniko cha mtungi wa maandazi. Nimeipata ikiwa na mafuta, lakini inasomeka. Mwandiko wako umeharibika. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe darasa la tatu anaandika kama kuku aliyekanyaga wino.

Sisi wazima. Anyesi mjukuu wangu amekuwa wa kumi na nne kati ya hamsini na sita, anajiona profesa. Pamba imefunguka vizuri. Mguu unaniuma asubuhi na jioni, mchana unanisahau. Baba yako alituma salamu kutoka Malampaka, anasema treni zinapita na yeye bado anazihesabu kama vile analipwa.

Hiyo ndege yenu niliiona mwezi wa tatu. Niliiona vizuri kuliko nilivyotaka, maana nilikuwa bafuni, na bafu letu unalijua, lina kuta nne na halina paa. Mwalimu mstaafu, mjane, mwanakwaya, nimejipaka sabuni kichwa kizima, nasikia nyuki mkubwa juu. Niliinua ndoo nikajifunika. Nakuuliza kama mtu mzima: picha hiyo iliangukia kwa nani?

Na swali lingine, la kupitisha muda tu. Picha zenu zinaonyesha vitu vya zamani? Kwa mfano ua wa minyaa uliong'olewa miaka ishirini na kitu iliyopita, mtu aliye juu anaweza kujua kwamba ulikuwepo? Anyesi ndiye anauliza, kwa ajili ya jiografia.

Mimi sengi wako, dada wa baba yako, niliyekulea mpaka ukajua kuvaa viatu miguu inayostahili,
Ernestina


Dodoma, 2 Juni 2024

Shangazi,

Pole kwa mguu, hongera kwa Anyesi. Kuhusu bafu, picha iliangukia kwangu. Usishtuke. Kutoka kimo kile ulionekana ndoo ya bluu, basi. Nilikaa nikitafakari kwa nini kuna ndoo imesimama katikati ya bafu, nikaandika pembeni "tangi dogo la maji". Usomi wangu ndio huo.

Nimeliona paa letu. Mabati matano mapya upande wa jikoni, yanang'aa mpaka nilipunguza mwanga wa kioo. Niliwaita wenzangu wote: "Njooni mwone, pale ndipo nilipokulia!" Wakaja, wakaona bati, wakarudi kwenye viti vyao. Nilipigwa na upweke shangazi, sikutegemea. Nilitamani niushushe mkono kwenye kioo nibishe hodi.

Mwambie Anyesi kwamba picha inaona ya siku ileile tu. Ua uliong'olewa zamani hauonekani, labda udongo uwe umebaki na rangi tofauti, na hapo ni mpaka awepo mtu wa kutafuta. Mimi siwezi kuujua.

Nimemaliza vipande mia nne na kumi na mbili kwa wiki tano. Ramani itabandikwa ofisi ya kijiji tarehe 10 Juni mpaka 10 Julai. Vaa kitenge chako kizuri uende. Kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, pameandikwa: Imechorwa na Nyanda Elia. Ndilo jina la kwanza la ukoo wetu kuchapwa na mashine mbali na vitambulisho vya kura.

Mwanao mwenye kichwa kikubwa kwa sasa,
Nyanda


Mwamapalala, 19 Juni 2024

Nyanda mwanangu,

Nilikwenda. Nilivaa kitenge, nikavaa na viatu vya kanisani, nikajuta njiani. Watu walikuwa wengi, kila mtu amebandika kidole kwenye shamba lake mpaka mtendaji akaogopa karatasi itatoboka. Niliwapita wote, nikainama kwenye kona ya chini. Nililisoma jina lako kwa sauti. Nikalisoma tena kwa ajili ya waliofika wamechelewa. Nililia kidogo, nikasema ni vumbi.

Ramani ni nzuri. Rangi zake ni nzuri.

Jirani yetu Bujiku alisimama mbele yake muda mrefu, amefunga mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Yeye huwa hasemi.

Huku mvua zimekwisha. Nimeamua kupunguza ng'ombe, nimekuwa mzee kukimbizana nao. Mwezi ujao sitawafungulia malisho ya ngitili. Baba yako amekubali kuwapokea sita kule Malampaka, na wawili nitamwachia Mungu. Mtendaji anasema mkutano wa kijiji wa Agosti utajadili uwanja mpya wa mnada, eneo limeshapatikana. Ni maendeleo.

Jitahidi kula. Mimi sina la kupinga.

Sengi wako,
Ernestina


Dodoma, 25 Juni 2024

Shangazi,

Salamu nyingi, sitazihesabu leo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ngitili hufunguliwa kila Julai tangu nina akili. Majani mnayafungia masika nzima, mtu haruhusiwi hata kukatiza, ili kiangazi ng'ombe wapate pa kula. Sasa mwaka huu usifungue kwa nini? Na ng'ombe uliowapa majina ya walimu wakuu wako wote, leo unawapeleka wakaangalie treni?

Nimekupigia mara nne. Anyesi anasema uko shambani. Mara ya nne nilikusikia nyuma yake ukimfundisha aseme uko shambani.

Naomba unijibu jambo moja. Kwenye ramani, ile sehemu nyuma ya nyumba, kutoka choo mpaka mtoni, ina rangi gani?

Nyanda


Mwamapalala, 29 Juni 2024

Nyanda,

Njano.

Sisi wazima. Anyesi anakusalimu.

E.


Dodoma, 3 Julai 2024

Shangazi wangu,

Nimempa kondakta barua hii mkononi na nimemwapisha.

Nilifungua faili. Ni picha namba thelathini na saba. Paa letu liko kwenye picha thelathini na sita, ndilo nililokuwa nalishangilia kama mjinga, na ngitili imeangukia kwenye picha inayofuata. Ilipigwa Machi, ngitili imefungwa, majani yamefika kiunoni, hakuna njia, hakuna tuta, hakuna ng'ombe. Kwenye orodha ya vijana wa madaftari hapakuwa na jina. Nikaandika "pori, halina mtumiaji", nikabonyeza njano, nikaenda kunywa chai. Kompyuta inahifadhi muda: nilitumia sekunde nne.

Mtu wa Tanga angekosea hivyo ningemwelewa. Mimi nilichunga ndama humo miaka sita! Humo ndimo nilimoumwa na nyuki nikakimbilia mtoni na suruali nikaiacha kwenye mwiba, nawe ukaniletea kanga yako mbele ya watoto wote wa kitongoji. Najua mti ulipo, najua kichuguu kilipo, najua palipo na mawe ambayo hayafai kukalia. Halafu naonyeshwa kutoka juu, kwa picha safi ambayo ingeonyesha hata kwato, naandika pori. Niliona bati nikashindwa kuiona nyumba yenyewe. Nimeona aibu, shangazi, aibu ya kweli, siwezi kuipamba.

Sasa nisikilize. Uwanja wa mnada wanaouzungumza ni hapo. Siku zinaisha tarehe 10. Nenda kwa mtendaji na karatasi, andika: "Mimi Ernestina, mjane wa Mboje, napinga kipande cha njano nyuma ya nyumba yangu, ni ngitili ya familia." Weka sahihi. Maneno hayo yanatosha. Usinionee huruma. Ukinionea huruma nitaishi na kazi niliyoipata kwa kukunyang'anya malisho, na kila mshahara utanuka ng'ombe.

Andika, tafadhali.

Nyanda


Mwamapalala, 7 Julai 2024

Nyanda mwanangu,

Siandiki.

Nimeandika ubaoni miaka thelathini na moja, sitaanza leo kuandika dhidi ya mtoto niliyemfundisha kushika kalamu. Ulinieleza mwenyewe: pingamizi moja, unarudi. Niliposimama mbele ya ile ramani nililiona jina lako kwanza, njano nikaiona baadaye. Ingekuwa kinyume chake labda ningepinga. Nimekaa nalo mwezi mzima na limenizoea. Ng'ombe ni ng'ombe. Wewe ulimaliza chuo kwa pamba ya misimu minne, na kijiji kizima kinajua una kazi ya kuchora kijiji kizima.

Tena usiulize mengi kuhusu huko nyuma ya nyumba. Kuna mambo ambayo njano imeyafunika vizuri, na mimi nimelala usingizi mzuri tangu yafunikwe. Acha.

Mguu umepona. Huo nao ni uongo, lakini sitaki unitumie dawa.

Sengi wako,
Ernestina


Dodoma, 12 Julai 2024

Shangazi,

Barua yako imenikuta nimeshaharibu.

Tarehe 9 nilikuwa sijapata jibu lako, na kwenye simu ulikuwa bado uko shambani. Nikaandika pingamizi mwenyewe. Mlalamikaji: Nyanda Elia, aliyelelewa kijijini hapo. Aliyekosea: Nyanda Elia, mchoraji. Nikalipeleka kwa Bi Wilhelmina kwa mkono. Alilisoma, akavua miwani, akalisoma tena, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akaniuliza kama nina homa. Akasema tangu aanze kazi hii ameshaona watu wakishitakiana ndugu kwa ndugu, mume kwa mke, na mmoja aliyemshitaki marehemu, lakini hajawahi kuona mtu akijishitaki na kujitaja jina mara mbili kwenye ukurasa mmoja.

Hajanifukuza bado. Anasema ataamua baada ya mpaka kupimwa upya, kwa miguu. Mimi siruhusiwi kuja kwa kuwa ni ndugu. Anakuja mwenzangu Martha, mpimaji wa kweli anayevaa buti. Atafika tarehe 27 Julai. Majirani wote wanaopakana na ngitili wasimame kila mmoja kwenye mpaka wake, watamke, waweke sahihi.

Bi Wilhelmina aliniuliza swali moja. Vijana wa madaftari hawakuruka nyumba hata moja. Imekuwaje ngitili yako haina jina kwenye orodha? Nikasema sijui. Wewe unajua?

Najua utanikasirikia. Kasirika, lakini siku hiyo uwepo.

Nyanda


Mwamapalala, 4 Agosti 2024

Nyanda mwanangu,

Mwangaluka. Nilikukasirikia siku nne. Siku ya tano sikuwa na muda wa hasira, nilikuwa naogopa.

Uliuliza kama najua. Najua. Februari wale vijana walipokuja na madaftari niliwataja wote: nyumba, shamba la pamba, shamba la mahindi, hata kisima. Mmoja akaniuliza, "Mama, na kule nyuma nako ni kwako?" Nikajifanya sisikii. Akapaza sauti. Nikamjibu, "Karibu uji." Akamnong'onezea mwenzake kwamba bibi huyu masikio yamekwisha, wakaondoka. Kwa hiyo njano yako ilikuwa na mchoraji mwingine, nami ndiye niliyeanza.

Sababu ni hii, na wewe ndiye mtu wa kwanza kuandikiwa. Mwaka ule wa mvua za El Nino mto ulimega ngitili yetu upande wa chini. Marehemu mume wangu Mboje akajifidia upande wa juu. Bujiku alikuwa Geita anatafuta dhahabu. Mboje akang'oa minyaa ya mpakani, akaipanda upya hatua kumi na moja ndani ya eneo la Bujiku. Sitasema Mboje peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba miche. Asubuhi nilifundisha darasa la tatu kupima urefu kwa rula, jioni nikabeba miche. Bujiku aliporudi, bila dhahabu, minyaa ilikuwa imeshashika. Aliutazama ule ua, akanisalimia vizuri sana. Kesho yake nilimpelekea viazi. Nimempelekea viazi kila mwaka tangu hapo, miaka ishirini na sita, na hajawahi kuuliza vya nini.

Ukinipimia ngitili kwa ndege, hakuna anayesimama mpakani. Ukiipima kwa miguu, Bujiku anasimama. Na Februari ningeitaja, ningeandikisha na hatua zake kumi na moja kwa jina langu. Ndiyo maana nilipendelea kuipoteza yote.

Tarehe 27 Martha wako alifika. Msichana mfupi, buti kubwa, amebeba chombo chake begani kama jembe. Kijiji kilijaa, maana hakuna burudani nyingine mwezi huu. Tulianza mtoni, kila jirani akatamka, akaweka sahihi. Tukafika kwenye minyaa, tukasimama upande wa Bujiku.

Martha akasema, "Mzee, mpaka wenu ni huu ua?"

Bujiku akautazama ua. Akanitazama mimi. Akasema, "Mwalimu akisema ni hapo, basi ni hapo."

Akachukua kalamu aweke sahihi, Nyanda. Angeweka kweli. Nikamwambia, "Bujiku, ngoja." Nikapenya kwenye minyaa na kitenge changu, utomvu ukanimwagikia, nikatokea upande wa kwetu, nikaanza kuhesabu hatua kwa sauti kama niko darasani. Moja. Mbili. Mguu mbovu na mguu mzima. Martha akanifuata na chombo chake bila kuuliza. Nilipofika kumi na moja nikasimama, nikasema, "Mpaka ni hapa. Tuliusogeza sisi. Mimi nilibeba miche."

Nilitazama chini. Kisha nikamsikia Bujiku anakohoa.

"Mwalimu," akasema, "umehesabu vizuri. Mimi huwa napata kumi na mbili, lakini miguu yangu ni mifupi."

Alikuwa anahesabu! Miaka yote hiyo. Nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na yeye akacheka, na Martha hakujua aandike nini kwenye fomu.

Ngitili imerudi kwangu, pungufu ya hatua kumi na moja. Mnada watautafutia pengine. Ninawashwa mkono mzima kwa utomvu na nimechekwa na kijiji kizima, lakini niko mwepesi.

Sasa niambie wewe. Wamekufukuza?

Sengi wako, mbeba miche,
Ernestina


Bariadi, 20 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Ona juu hapo nilipoandikia. Niko Bariadi tangu wiki iliyopita.

Barua yako niliisoma nimesimama stendi, nikakaa chini kwenye begi langu. Nilikuwa nimejiandaa kukuomba msamaha maisha yangu yote, na sasa nakuta tunagawana. Sikujua nikucheke au nikulilie. Nilipofika pale kwenye hatua kumi na mbili nilicheka mpaka mama mmoja akahamisha mtoto wake.

Bi Wilhelmina hakunifukuza. Alisema mchoraji anayejishitaki ni hasara kwa kampuni, lakini asiyejishitaki ni hasara kubwa zaidi. Kisha akaharibu maneno hayo mazuri kwa kunishusha cheo. Majaribio yameongezwa miezi mitatu, na sigusi kipanya mpaka niwe nimetembea vijiji vitatu vizima kwa miguu nikiwa nyuma ya Martha. Namsaidia kubeba. Nimeungua shingo, nimechanika viatu, na jana mbuzi alikula karatasi yenye vipimo vya asubuhi nzima, Martha akasema tuanze upya, hakunitazama hata usoni. Ule mnyororo uliowaahidi majirani zako nimeupata, shangazi, ila nimefungwa mimi.

Jambo moja linaniuma, nalisema tu. Ramani mpya ya kijiji itabandikwa wiki hii na kwenye kona kuna jina la Martha. Ni haki yake. Lakini nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba jina letu liko hapo ukutani na wewe unapita unaliona.

Nitakuja Jumapili ya tarehe 15 Septemba. Nitakuja na dawa ya mguu, ukiitaka usiitake.

Nyanda, msaidizi wa mpimaji


Mwamapalala, 8 Septemba 2024

Nyanda mwanangu,

Njoo. Nitachinja jogoo, yule anayewika saa tisa, nimemvumilia vya kutosha.

Ng'ombe wote wanane wako ngitilini. Hakuna aliyeenda Malampaka. Baba yako alikuwa ameshawaandalia zizi, amenuna kidogo. Majani yapo mpaka Novemba. Bujiku ameung'oa ule ua na kuupanda upya mahali pake, nami nilibeba miche. Anyesi alibeba mingi zaidi. Mwaka huu viazi ameleta yeye.

Ramani mpya imebandikwa, nimeiona. Ngitili yetu ni kijani cheusi na imeandikwa jina langu lote. Ni sahihi kila upande. Niliitazama, nikaridhika, nikamuuliza mtendaji ile ya zamani ameipeleka wapi. Akasema imefutwa, haina kazi, anataka kuwashia moto. Nikamwomba. Alinishangaa lakini akanipa, kwa kuwa nilimfundisha darasa la tatu na bado ananiogopa.

Nimeibandika sebuleni, juu ya kabati la vyombo, pale mchungaji anapokaa akija kututembelea. Kipande cha njano kiko palepale nyuma ya nyumba. Juu ya zile hatua kumi na moja nimeandika kwa mkono wangu, kwa kalamu nyekundu: ya Bujiku. Wageni wakiuliza ni nini, nawaambia hii ni ramani yenye makosa mawili, moja la mwanangu na moja langu. Kisha nawainamisha kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, wasome jina.

Sengi wako,
Ernestina